Kukanyaga Mara Mbili

Makanika mmoja wa gereji ya Muthangari ana mdomo mkali. Akilala chali chini ya gari kutoa hewa kwenye breki, sauti yake husikika hadi barabarani: "Kanyaga! Shikilia! Achilia!" Mteja aliyeketi kwenye usukani akikosea, hufokewa mbele ya watu. Leo alikuja mjane mmoja, pedali yake ya breki ikizama kama godoro kuukuu.

"Na umekuwa ukiendesha hii gari vipi, mama?"

"Mzee wangu alinifunza kukanyaga mara mbili. Hata akiwa hospitali alikuwa akinikumbusha."

Makanika alipomaliza kazi, akampa mama funguo. "Sasa mara moja inatosha."

Pale getini taa nyekundu za nyuma ya gari la mama ziliwaka, zikazimika, zikawaka tena. Makanika akafungua mdomo afoke, kisha akaufunga, akabaki akifuta spana iliyokuwa safi tayari.