Namna nilifundisha ukuta chloroplaste juu ya mama-mukwe

Bakubwa, jambo yenu! Hii ni ya nyumbani kwangu, hapa Bunia, bila kuongeza chumvi.

Miye ni mwalimu wa biologie. Mama-mukwe anaishi kwetu tangu alikimbia vita kule Djugu. Mu kona ya kitenge alikuwa amefunga mbegu ya tomati ya shamba lake. Njo kitu moja tu ilibakia.

Akaipanda yote nyuma ya nyumba. Kwao miche inafunikwaka na majani, jua isiichome. Huku mujini majani atakata wapi? Akafunika na bâche, turubai nzito.

Miche ikatoka mirefu, nyembamba, manjano.

Muke wangu akaniambia: "Mwalimu, mbegu ya mama inakufa. Sema naye!"

Niseme naye? Kwetu mukwe na mama-mukwe hawasemezane uso kwa uso. Tukikutana njia ya choo, kila mutu anasogea pembeni. Nimwambie amekosea? Ebu!

Nikabeba kiti, nikakaa inje ya jikoni, na mama alikuwa ndani. Nikaanza kufundisha ukuta, na sauti ya darasa.

"Ukuta, sikiliza! Ndani ya jani kuko vyumba vidogo, cellules. Mu kila chumba kuko chloroplastes. Ndani yake kuko ngozi nyembamba, zimepangwa sawa sahani, moja juu ya ingine. Rangi ya kijani inakaa pale. Njo inakamata mwangaza, mumea upate kujipikia chakula. Ukiweka giza, ile rangi haitokee!"

Muke wangu alicheka mpaka akashika mulango.

Kisha mama akaita binti yake: "Mwanangu, uliza ule ukuta: jua kali haitachoma hizo vitu?"

Bakubwa, swali ya akili! Banafunzi wangu hawajaniulizaka hiyo.

"Ukuta, zinatembea! Mwangaza ikipunguka, zinajitandaza kuikamata. Ikizidi, zinasogea pembeni ya chumba, sawa miye na mama njia ya choo!"

Mama akacheka. Tangu afike kwetu sikuwa nimesikia kicheko yake. Nilitaka kulia.

Kesho yake bâche ilikuwa imetoka, aliweka majani ya mugomba ya jirani, kidogo tu. Miche ingine ilikufa. Ingine ikageuka kijani.

Juzi tomati ya kwanza imeiva. Mama amekausha mbegu, amefunga vifurushi mbili. Moja ameiweka, ya kurudia Djugu.

Ya pili muke wangu ameniletea: "Mama anasema hii ni ya ukuta."

Basi nimejifunza: ukimupenda mutu, utapata tu njia ya kupitishia ukweli. Na nyinyi benye bakwe, munapitishiaka wapi? Mwagia hapa.