Habari Iliyomtangulia Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipoingia katika ua wa mama mmoja nikiwa na kalamu sikioni na adabu nimeiacha nyumbani. Umeniambia umepata nafasi ya kusomea shahada ya pili, mambo ya mawasiliano na utamaduni, na kwamba utapita vijijini kuwauliza watu maswali. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujafunga begi, kaa hapa nikueleze, maana kazi hiyo niliifanya kabla baba yako hajazaliwa, na niliiharibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwalimu kijana, nina suruali moja ya kaki na majivuno ya suruali kumi. Akaja kijana wa Kizungu, mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko kwao, anatafuta mtu wa kumtafsiria Kisukuma. Alikuwa akiandika kitabu cha kupatia digrii yake ya juu, na alitaka kujua habari zinavyosafiri katika nchi ambayo watu wake hawana redio wala simu. Nani husikia kwanza, humwambia nani, huchukua siku ngapi. Watu walimwita Bwana Maswali. Hakuwa mtu mbaya. Alikula ugali wa mtama bila kukunja uso, na mimi aliniita Mwalimu, jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati ule hawakulifanya. Kwa hiyo nilimpenda, na nilitaka kazi yake ifanikiwe labda kuliko alivyotaka yeye mwenyewe.

Tulipiga kambi katika kijiji kimoja upande wa Segese. Siku ya tatu lori likapita kutoka Geita, na utingo wake akatuachia habari. Masunga, kijana wa kijiji kile aliyekwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, ameangukiwa na mwamba. Amekufa, wamekwisha kumzika hukohuko, na mjomba wake Luhende, aliyekuwa naye kazini, anakuja nyuma kwa baiskeli. Bwana Maswali alisikitika. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ndiyo habari ya kuifuata, kwa kuwa tunajua saa ilipoingia kijijini. Nami, naona haya kukuambia, nilichangamka. Tukapiga mistari kwenye karatasi: jina la nyumba, siku waliyosikia, aliyewaletea. Nyumba ishirini na mbili.

Hadi kesho yake jioni nilikuwa nimejaza nyumba ishirini na moja. Wote walikuwa wamekwisha kusikia. Walinijibu kwa kunong'ona, wengine wakitazama njiani kwanza kuona kama kuna mtu anapita. Hilo sikuliandika, kwa kuwa karatasi haikuwa na mahali pake. Ikabaki nyumba ya mama yake Masunga. Alikuwa mjane, jina lake Minza, na Masunga ndiye mtoto wa pekee aliyekuwa amebaki naye.

Asubuhi tukielekea huko tulikutana na Mzee Ng'wandu, shemeji yake Minza. "Mwalimu, nyumba ile iacheni kwanza," akasema. "Mpaka Luhende afike." Kisha akashika njia yake.

Sitakudanganya, mwanangu. Mimi ni Msukuma. Nilijua kwetu habari ya kifo hairushwi tu mlangoni, husubiriwa mtu wake wa kuisema. Nilijua kabisa. Lakini nilijiambia kwamba mama hawezi kuwa wa mwisho kusikia, lazima yuko aliyekwisha kumdokezea, na kwamba mzee yule anatuzuia kwa ubishi tu. Kesho yake tulikuwa tuhame, na ile nafasi tupu kwenye karatasi ilikuwa inaniudhi.

Tulimkuta Minza uani anamenya karanga pamoja na majirani wawili, wanawake wa rika lake. Majirani wale waliongea mno, wakacheka hata pasipo na la kuchekesha. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu, kama tunavyomwamkia mama asubuhi. Akaitikia vizuri, akataka tuletewe viti. Jirani mmoja akasimama haraka.

"Mwalimu, leo tuna kazi nyingi," akasema, huku ananikonyeza. "Rudini kesho kutwa."

Nililiona jicho lile. Nikafungua karatasi yangu.

"Mama, habari ya kifo cha Masunga uliipata siku gani, na nani alikuletea?"

Swali lile nilikuwa nimeliuliza mara ishirini na moja, ulimi ulikwisha kulizoea.

Minza alinitazama, karanga ziko mkononi. "Masunga yupi?" akauliza.

Kijiji kizima kilikuwa na Masunga mmoja tu. Akasoma jibu usoni mwangu. Majirani walimdaka kabla hajafika chini. Bwana Maswali, ambaye hakuelewa Kisukuma, akaniinamia na kalamu yake.

"Amesema nani alimletea?"

"Mimi," nikamjibu.

Akafunga daftari, na katika kijiji kile hakulifungua tena.

Ubaya haukuishia hapo. Minza alipopata pumzi aliniita karibu, akanishika mkono. Je, alikufa palepale au aliteseka? Nani alikuwa naye? Alisema nini? Walimzika na nguo gani? Aliuliza tena na tena, kwa kuwa kwake yeye aliyeleta habari ndiye anayejua. Mimi niliyekuja na maswali yangu kwenye karatasi sikuwa na jibu hata moja. Nikawa nasema, sijui, mama, sijui. Sijapata kujidharau kama siku ile.

Mzee Ng'wandu hakunipigia kelele. Alinivuta nje ya ua, watu wakiendelea kuingia kwenye kilio.

"Ulidhani tunamficha," akasema. "Hatukumficha. Tulimngoja aliyekuwepo. Mama yeyote atauliza, na lazima pawe na mtu wa kumjibu. Sasa mpaka Luhende afike, Minza anajua kifo tu, hajui kingine."

"Nifanye nini, baba?"

"Kachote maji."

Nikachota maji, nikapasua kuni, mwalimu mzima na suruali yangu ya kaki. Hatukuhama tena. Bwana Maswali naye alibeba ndoo, bila kuambiwa na mtu.

Luhende alifika kesho yake mchana, vumbi mwili mzima, na furushi la nguo za marehemu nyuma ya baiskeli. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akakaa chini, akaanza kusimulia. Siku ile Masunga aliamka mzima. Alikunywa uji, akalalamika kwamba ni mwepesi. Walipomtoa chini ya jiwe alikuwa bado anapumua, akamtaja mama yake, hakukaa sana. Minza aliuliza swali moja mara tatu, na mara zote tatu Luhende alimjibu maneno yaleyale, taratibu, bila kuchoka. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu, nikaona mabega ya yule mama yakilegea. Alilia tena, lakini safari hii alimlia mwanawe akiwa ameshikwa na mtu aliyeuona mwisho wake.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kumwomba radhi. Nilichuchumaa mbele yake, nikasema yote, hata la yule jirani aliyenikonyeza.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Ila ile siku moja ungeniachia. Nilikuwa bado nina mtoto."

Mwanangu, siku hizi simu zinatangaza msiba kabla wafiwa hawajaambizana, na wewe utafundishwa namna ya kupima mwendo wa habari hizo. Jifunze, ni elimu nzuri. Bwana Maswali alipata digrii yake, nami sina ugomvi na vitabu. Nakuomba tu, ukifika kijijini, kabla ya kuuliza lolote, uliza ni nani asiyepaswa kuulizwa kwa sasa. Mzee akikuambia acha kwanza, acha. Karatasi yenye nafasi tupu haijamuua mtu. Na desturi za watu usiziandike kama mapambo yao, tafuta zinafanya kazi gani. Ile ya kwetu ilikuwa na kazi, nami niliijua kazi hiyo baada ya kuivunja. Tena usimpelekee mtu neno zito kama huwezi kukaa naye akuulize mpaka aridhike.

Haya, nenda ukasome, umalize. Mungu akupe walimu wenye subira na watu wa kukufungulia milango yao. Na ikiwa siku moja itakuangukia wewe kumwambia mama habari kama ile, akujalie uwe na la kumjibu.