Sahani Iliyokataa Kung'aa

Sikuwa nimelewa wala sikuwa usingizini. Uniamini usiniamini, nilichokiona kimebaki kiganjani mwangu.

Nilikuwa mlinzi katika jumba moja la makumbusho hapa Doha. Kituo changu kilikuwa karibu na sahani ya udongo ya kale yenye picha ya sungura. Ukiitazama kwa mbele, ni kahawia kama majani ya chai. Ukisimama upande, mwanga ukaipiga, inawaka dhahabu. Mimi nilisimama upande huo kila siku, hasa baada ya mama kufariki kwetu Kakamega. Naye alifinyanga vyungu.

Ijumaa moja asubuhi, wageni bado hawajaingia, nikanusa moshi. Mzee alikuwa kando yangu, mikono imejaa majivu. Aliingilia wapi? Midomo yake ilitamka Kiarabu, lakini nilichosikia ni Kiluhya cha mama.

"Mwanangu, mama ulimzika?"

"Kampuni ilininyima ruhusa, mzee."

Ndivyo nilivyowaambia wote nyumbani. Sahani ikazimika. Pale pale nilipozoea kuiona iking'aa, ikawa udongo mtupu.

"Dhahabu ya sahani hii niliitoa kwa moshi wa tanuri," mzee akasema, "na moshi ule hauachwi bila mtu. Mtoto wangu alizikwa nikichochea kuni. Nikawaambia watu tanuri lilinizuia. Lakini mwenzangu alikuwepo, angelichunga."

Nikapiga magoti sakafuni.

"Sikuomba ruhusa," nikasema. "Niliogopa kumwona ndani ya jeneza."

Akanisugua kiganja kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta majivu kwenye chombo kilichotoka motoni. Sahani ikawaka, ukuta mzima ukawa dhahabu. Kuinua macho, hayupo.

Redio yangu ya ulinzi ikalia. Ni Okello, wa chumba cha kamera.

"We jamaa, leo unahubiria sahani? Inuka, bosi asikuone!"

"Yule mzee ameenda wapi?"

"Mzee gani? Uko peke yako."

Jioni nilimpigia dada yangu, nikamwambia ukweli. Akakata simu. Ilipita miaka miwili kabla hajanipokea tena nyumbani Kakamega, akanipeleka mwenyewe kwenye kaburi la mama.

Kiganja changu ukikitazama kwa mbele, hakina kitu. Njoo upande huu, kwenye mwanga.

Nawe, kama kuna kaburi ulilolikwepa, usimsingizie mwajiri. Ukinusa moshi pasipo na moto, ukaulizwa, sema ukweli mara ya kwanza. Mimi nilivumiliwa mara moja. Sijui kama wewe utavumiliwa.