Sahani ya Kokwa za Sham

Juzi mama yangu alikuja kunitembelea hapa Hail, pembeni mwa Maskati, akanikuta jikoni na kisu kidogo mkononi, nachana kastana. Unazijua, rafiki yangu: zile kokwa za kahawia zenye ganda la kung'aa, zinazoingia madukani kwetu Maskati baridi ikianza, na usipozichana kabla ya kuzitia motoni hupasuka kwa kishindo. Mama akavuta kiti, akachukua moja, akaigeuzageuza.

"Bibi yako akizipenda hizi," akasema. "Masikini, kabla hajaanza kusahau."

Kisu kikanisimama mkononi. Maneno hayo nayasikia tangu nina miaka tisa, na kila nikiyasikia uso huniwaka moto. Bibi hakuwa amesahau kitu. Hilo nililijua mimi, alilijua yeye, na hadi juzi hakuwapo wa tatu.

Basi nikurudishe nyuma kidogo, miaka ya tisini, kwenye nyumba yetu ya zamani. Jiko la nyumba ile lilikuwa la bibi. Mama alikuwa mkwe wake na alikuwa na kazi wizarani, kwa hiyo akirudi mchana hukuta kila kitu tayari: wali wa nazi, mchuzi wa papa, ndizi mbivu. Ndani palikuwa na jiko la gesi, lakini bibi alikuwa na seredani yake ya makaa uani, na vitu alivyovipenda hasa alivipikia huko. Kastana zilikuwa mojawapo. Mara ya kwanza baba alipomletea kutoka soko la Mutrah, bibi alitafuna moja akafumba macho, akasema hizi ni kokwa za fenesi zilizohamia baridini. Tangu siku hiyo akaziita kokwa za Sham, kwa kuwa zinatoka huko kwenye baridi, na sisi sote tukamfuata.

Alizipika kwa njia yake. Alizichana mara moja tu, kwenye ule upande wa bapa, akazichemsha kwa maji ya chumvi, kisha akazimwaga juu ya wavu kwenye seredani zikauke na kuungua kidogo. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa. Kulikuwa na kitu kingine alichokitia majini, lakini kila akifika hapo alinituma ndani kuleta kipepeo, na nikirudi sufuria imeshafunikwa na harufu imebadilika. Nikimuuliza, hucheka. "Ukikua ntakuonyesha," huniambia. "Sasa hivi una mdomo mwepesi."

Mwaka ule bibi aliunguza maharage. Wiki chache baadaye akaenda kusali akaacha maziwa yakafurika hadi moto ukazimika na gesi ikatapakaa nyumba nzima. Baba na mama wakaogopa, na wala siwalaumu. Wakamwambia kwa heshima zote kwamba sasa apumzike, asishike moto tena. Bibi aliwasikiliza, akatengeneza ushungi wake.

"Mdogo wangu anakuja kutoka Unguja," akasema. "Hatujaonana tangu tuna meno yetu yote. Nipeni siku hiyo moja nipike mwenyewe. Nkiharibu kitu, jiko nakuachieni na mdomo nnafunga."

Mimi nilikuwa pale pale natafuna mkate. Nilisikia kila neno, na nilielewa. Nakwambia hivyo usije ukanitafutia udhuru wa utoto.

Siku ilipofika bibi alipika kuanzia alfajiri. Biriani, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichopungua chumvi. Kastana aliziacha za mwisho, kwa sababu ndizo zilizokuwa na maana. Yeye na mdogo wake walilelewa kwa bakuli moja la kokwa za fenesi, wakigombania ile ya mwisho, na fenesi wakati wa baridi asingelipata. Alizipanga kwenye sahani nyeupe yenye maua ya buluu, akaifunika kawa, akaiweka stoo, akaenda kusali alasiri. Mimi nikatumwa stoo kuleta vikombe.

Nilifunua kawa nizione tu. Harufu ile ya moshi na chumvi ikanipanda kichwani. Nikasema nitakula moja. Nilipoibonyeza niligundua kwamba ile nyama laini inatoka yote kwa kuichokoa na kibanio cha nywele, na ganda ukiliachia linajirudi kama vile halijaguswa. Hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Nilikula ya pili, nikala ya tano, nikazitoa zote sahanini nikaanzia za chini. Maganda matupu nikayapanga chini, ule mchano umelala, na juu nikaacha nzima sita au saba. Nikafunika, nikachukua vikombe, nikatoka.

Mgeni alikula ya kwanza machozi yakamlenga. "Dada, ndizo zilezile!" akasema, na sijapata kumwona bibi na uso mzuri kama ule. Sahani ikazunguka kwa majirani. Iliporudi kwa mgeni, akachukua nyingine, ikamvunjikia vidoleni, tupu. Akachukua ya tatu, nayo tupu. Akacheka.

"Ah, dada! Kumbe mpaka leo hutaki kunipa ya mwisho?"

Wanawake wakacheka naye kwa adabu. Mama akaivuta sahani, akabonyeza moja, akabonyeza nyingine, na kicheko kikaisha chenyewe. Akainua macho akanitazama. Bibi naye akanitazama. Nilikuwa nimekalia mikono yangu.

"Si mtoto," bibi akasema. "Ni mimi. Nlikuwa nnazionja chumvi, nkapitiwa."

Mtu gani anaonja kokwa thelathini kisha anayarudisha maganda kwenye sahani ya mgeni? Ni yule ambaye akili imeanza kumtoka, na ndivyo wote walivyoelewa. Mgeni akamshika bibi mkono akaanza kumpapasa taratibu, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mimi ningeweza kusema. Katika nyumba yetu sikuwahi kupigwa, kwa hiyo sikuogopa fimbo. Niliogopa kuitwa mroho mbele ya watu. Nikamwacha bibi yangu aivae aibu yangu, na mimi nikamiminiwa chai.

Asubuhi yake alikuwa akinisuka nywele kwenda skuli. Akafungua pindo la kanga, akatoa kibanio changu, kimeoshwa. Lazima nilikiacha chini ya ile kawa. Akanibana nacho nywele, akanipiga kijikofi begani. "Kitu chako hiki, mwanangu. Usikiache ovyo." Sikumsikia akilizungumza tena mpaka anakufa.

Ahadi yake aliitimiza. Jiko akamwachia mama, mama akaajiri msichana wa kupika, na seredani ikapewa watu. Bibi akawa mtu wa barazani, tasbihi mkononi. Harufu ya kitunguu ikimfikia huuliza kimekaangwa sana au vipi, na msichana humjibu kutoka ndani, "Usijali, bibi." Wageni wakija mama huwanong'oneza kwamba mzee anasahau, wamsamehe. Bibi alikuwa anasikia. Kila baridi baba alileta kastana za kuokwa kwenye oveni, na bibi alimenya ya kwanza akanipa mimi. Niliila. Ikawa hivyo kila mwaka kwa miaka minane.

Wanasema majuto ni mjukuu. Matangani kwake, nina miaka kumi na saba, niliwamiminia wanawake kahawa huku wakisema afadhali amepumzika, alikuwa keshasahau masikini. Hata hapo nilinyamaza.

Juzi ndipo niliposema. Nilimsimulia mama yote, nimesimama, kisu mkononi. Nilidhani atanigombeza, na nilitamani anigombeze. Mama aliirudisha ile kastana kwenye nyingine.

"Kila nkimpelekea sahani yake pale barazani," akasema, "akinambia ahsante, mwanangu. Na mie nkisema Alhamdulillahi, leo kanikumbuka."

Akalia. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, na nilimtwisha jambo ambalo halikuwa lake. Kumbe nilitaka tu kulitua.

Baadaye tulizichemsha kwa chumvi, tukazikausha kwenye kikaango maana seredani hakuna tena. Tukakaa kuzimenya pamoja. Zilikuwa tamu, lakini si zile. Mama alitafuna polepole, akaacha.

"Alikuwa akitia nini?" akaniuliza.

Sikujua. Miaka minane bibi alikaa hatua kumi kutoka jikoni, akili yake timamu, nami nikikua mbele ya macho yake, na sikwenda kumuuliza.