Hatua Moja Nyuma ya Kosa

Zamani mtu akikusingizia mbele ya watu, alirudi mbele ya watu hao hao akayafuta maneno yake kwa kinywa chake. Siku hizi anakuandikia ujumbe kwa simu, na akishaona umeusoma anajihesabu msafi. Sisemi watu wa zamani walikuwa malaika. Nasema hivi kwa sababu ya jirani yangu Walubengo, ambaye aliijua njia ile, aliyofundishwa na wazazi wake kule Bungoma, na bado ikamshinda kuipita.

Tuliishi ploti moja huko Kabiro, Kawangware. Mimi nilikuwa fundi wa taipureta, kazi ambayo kompyuta zilikuja kuizika bila hata wimbo mmoja wa maombolezo. Shule sikumaliza. Nilicho nacho kichwani nilikitoa kwenye vitabu vya kuukuu vinavyotandazwa juu ya gunia kando ya barabara. Walubengo alisoma hadi chuo cha ufundi, lakini maringo hakuwa nayo. Jioni alivuta kigoda hadi kwenye meza yangu tukabishana mpaka mkewe Nafuna amwite chakula. Alikuwa mwembamba, mwenye kucheka kwa pua, na Jumapili ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Nikisema alikuwa mtu mwema sitanii. Ndiyo maana aibu ilimla vile. Mtu mbaya haliwi na kitu.

Kazi yake ilikuwa katika kampuni ndogo nyuma ya Barabara ya Ngong, iliyotengeneza mizani za kupimia majani chai. Ndani ya kila mizani mlikuwa na kompyuta ndogo, na programu yake waliiandika watu wawili: yeye, na mama mmoja Mkamba aitwaye Wayua, aliyekaa Lindi, Kibera, na mumewe Musyoka aliyekuwa seremala. Wayua aliandika sehemu ya kurudisha mizani kwenye sufuri kabla ya kupima. Walubengo aliandika sehemu iliyofuata, ya kusoma uzito wenyewe. Sehemu hizo mbili zilipakana kama vyumba vya ploti, ukuta mmoja kati yao.

Mwaka 1997, ule wa mvua kubwa, kampuni ilihamia mizani za aina mpya. Zilikuwa na prosesa nyingine, ule ubongo wa kompyuta, na mfumo endeshi mwingine, ule unaosimamia programu zote, na debaga yao haikuvijua vyote viwili. Debaga ni programu ya kusaka makosa ya programu nyingine. Programu ikianguka, debaga inakuonyesha mstari ilipoangukia. Walubengo ndiye aliyepewa kazi ya kuifundisha hizo mashine mpya.

"Mzee Naftaly, ni kama kumhamisha mpelelezi kutoka Bungoma umpeleke Kitui," alinieleza. "Akili anazo. Lakini lugha ya huko hajui, wala hajui milango iko wapi."

Basi akaifundisha. Akaiambia prosesa mpya ina vijishubaka vingapi vya ndani vya kuwekea hesabu, na kila kijishubaka kinaitwaje. Akaiambia jinsi ya kuuomba mfumo endeshi usimamishe programu, na jinsi ya kuuomba uiachilie iendelee. Hakuanza na ukurasa mtupu. Alichukua maelezo ya prosesa ya zamani, akayanakili, kisha akabadilisha mahali hapa na pale. Wote hufanya hivyo, aliniambia, na hakuna anayeona haya.

Kuna mahali pamoja hakubadilisha. Prosesa ya zamani ilipogonga alama ya kusimama, ile ya kuisimamisha programu ichunguzwe, ilikuwa imeshaipita kwa hatua moja, kwa hiyo debaga iliagizwa kila programu ikisimama irudi hatua moja nyuma. Prosesa mpya ilisimama palepale kwenye alama. Walubengo aliliacha lile agizo la kurudi nyuma. Tangu siku hiyo debaga yake ilionyesha kidole hatua moja nyuma ya ukweli. Kwa kawaida hatua moja haimdhuru mtu, maana ukirudi hatua moja chumbani bado umo chumbani. Madhara yalikuwa mlangoni.

Siku ya kuwaonyesha wanunuzi mizani mpya, programu ilianguka mbele yao. Wageni walipoondoka, meneja aliwaita wafanyakazi wote wakazunguka meza moja. Walubengo akafungua debaga, na debaga ikaonyesha mstari wa mwisho wa sehemu ya Wayua.

"Si yangu hiyo," Wayua akamwambia Walubengo, akimwita kwa jina la mwanawe. "Baba Immaculate, hebu tuiangalie kwa mkono, mstari kwa mstari."

"Mama Mbuvi, mashine haina kabila," Walubengo akamjibu. "Haina shemeji, haina chuki. Imesema ni hapa."

Watu wakacheka. Meneja naye alicheka, kisha akaacha kucheka, na wiki hiyo haikwisha Wayua akiwa na kazi. Mzaha ule niliusikia jioni ile ile, Walubengo akiurudia kigodani pangu huku akicheka kwa pua.

Sehemu ya Wayua akapewa Walubengo aiandike upya. Akaiandika. Mizani ikaanguka. Akaiandika tena kwa namna nyingine kabisa. Mizani ikaanguka tena, na debaga ikaonyesha palepale. Hapo ndipo alipofanya kile alichoombwa na yule mama. Aliketi akaiangalia kwa mkono, mstari kwa mstari. Akaliona lile agizo la hatua moja nyuma. Akaliondoa, akaiuliza debaga upya, na debaga ikaonyesha mstari wa kwanza wa sehemu ya pili, sehemu yake mwenyewe.

Mimi nilijua kuna jambo Nafuna alipokuja na sahani mkononi. "Mzee, niulizie huyu amelishwa nini huko kazini, maana mboga yangu ya mrenda ameikataa."

Walubengo alinisimulia yote akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshamwambia meneja. Meneja alifunga mlango kwanza, kisha akamwuliza, "Umerekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Basi yameisha. Wanunuzi wameambiwa mwenye kosa ametoka. Unataka niwaambie alibaki?"

Na Walubengo alirudi kwenye kiti chake akakaa. "Nilikaa, mzee," aliniambia. "Miguu ilikaa yenyewe."

Nilimwambia kwamba kwa meneja hakuwa amekosea kitu, alikuwa amemkosea Wayua, na kwamba twende kwake. Wakati ule mtu hakwenda kuomba msamaha peke yake. Alikwenda na mtu mzima wa kusikia, ili kesho asije mmoja wao akageuza maneno. Jumamosi tukaenda, mimi kama shahidi, yeye na mkate na pakiti ya sukari. Lindi yote ilikuwa tope. Tulimkuta Musyoka mlangoni akipiga randa mbao za kitanda, na Wayua akiwa kwenye foleni ya maji na majirani zake, mitungi ya plastiki imepangwa mbele ya bomba.

"Karibuni," Musyoka akasema. Akaitazama sukari. "Kuna msiba?"

"Hapana, kaka," Walubengo akajibu. "Nimekuja kuongea na Mama Mbuvi. Labda tuingie ndani."

Wayua alisikia kutoka kwenye foleni. "Ulinitajia ndani?" akauliza.

Bomba lilikuwa wazi likimwaga maji, hakuna aliyekumbuka kulifunga. Walubengo akaanza kueleza hapo hapo, prosesa, alama, hatua, na wale akina mama wakamtazama kama mtu anayehubiri kwa lugha ya mbali. Jirani mmoja, Ndinda, akamkata kauli. "Wewe ongea kibinadamu. Wayua alifukuzwa kwa nini?"

Walubengo akaielekezea mitungi kidole. "Mtungi unavuja. Nikaona maji chini. Mtungi uliosimama juu ya maji hayo ndio mbovu, lakini mimi nimezoea kuhesabu mmoja nyuma. Nikarudi nyuma mmoja."

"Ukamshika Wayua."

"Nikamshika Wayua."

"Na mtungi mbovu ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Ai! Na huyu amesoma?" Ndinda akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Mmoja akamwambia aangalie asije akachota maji akayamimina kwenye mtungi wa jirani. Jasho lilimtiririka Walubengo kana kwamba ndiye aliyekuwa akipiga randa. Lakini alisimama akakipokea kile kicheko, na mimi nikasema moyoni, kazi imekwisha, mtu amejiosha.

Wayua hakucheka. Alifunga bomba kwanza.

"Baba Immaculate, nimekusikia," akasema. "Lakini hawa si walionifukuza. Wale wako kazini, na saa nne wanakunywa chai pamoja. Waambie hivyo hivyo ulivyowaambia hawa, na jina langu ulitaje. Kazi yao siitaki. Kuna mahali nimeomba, na wiki hii watapiga simu kwenu kuuliza niliondokaje. Yeyote atakayeshika simu nataka awe anajua."

"Nitawaambia."

"Mkate tutakula. Sukari naiweka. Ukishasema, njoo na Nafuna tuikoroge pamoja."

Akanitazama mimi. "Mzee umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Yaliyotokea Jumatatu alinieleza mwenyewe, na sidhani alinipunguzia. Saa nne chai ilimiminwa. Alisimama na kikombe mkononi. Watu wakamgeukia, maana hakuwa mtu wa kusimama. Meneja akainua uso. Meneja hakukunja uso wala hakutikisa kichwa, alimtazama tu na kuendelea kupuliza chai yake.

"Jamani," Walubengo akasema, "nimefanya marekebisho kwenye debaga. Kila mtu achukue disketi mpya."

"Marekebisho gani?" mmoja akauliza.

"Madogo tu."

Akazigawa disketi, mkono kwa mkono, mpaka zikaisha, kisha akaketi.

"Na jina?" nikamwuliza.

Akagusa koo. "Lilifika hapa."

Niliendelea kufuta herufi za taipureta ya watu kwa brashi, na yeye akabaki kigodani mpaka Nafuna akamwita. Jumapili iliyofuata wimbo ulianzishwa na mtu mwingine. Walubengo alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na hapo ndipo pakawa pake. Nafuna alimwuliza mara kwa mara lini wataenda Lindi kunywa chai, maana alikuwa ameambiwa kuna mwaliko. Alimjibu kuwa mvua bado nyingi.

Nimesikia vijana wakisema siku hizi kwamba kosa la programu halina mwenyewe, ni la timu, na kwamba huo ndio ustaarabu. Labda. Mimi nilimwona mama mmoja akiubeba mzigo wa timu peke yake, na timu ikinywa chai.

Mvua zilipokatika Walubengo alikuja asubuhi, amevaa shati la pasi. "Mzee, nisindikize Lindi. Nataka kumwomba anipe muda." Nilimwuliza muda wa kitu gani, akatangulia njiani. Nilikwenda, kwa sababu nilikuwa shahidi tangu mwanzo.

Tuliwakuta njiani, kabla hatujafika mlangoni pao. Mkokoteni ulikuwa umepakiwa kitanda kilichofunguliwa, jiko, viti vya Musyoka vimefungwa kwa kamba, na kapu juu kabisa. Wanarudi Kitui, Musyoka alisema. Ile kazi nyingine haikutoka.

Tukasalimiana vizuri. Wayua aliuliza habari za Immaculate na shule. Kisha akauliza, bila kubadilisha sauti, "Uliwaambia?"

Walubengo alitazama viatu vyake. "Nilijaribu, Mama Mbuvi."

"Sikuuliza hivyo."

Alimwambia Musyoka ashikilie mkokoteni. Akapanda kwenye gurudumu, akaingiza mkono kapuni, akatoa ile pakiti ya sukari, haijafunguliwa. Hakumpa Walubengo. Alinipa mimi.

"Mzee, wewe ulisikia," akasema. "Mrudishie." Kisha akamgeukia yeye. "Nisalimie Nafuna."

Musyoka akainua mikono ya mkokoteni, Wayua akasukuma kwa nyuma, wakaelekea upande wa reli. Mkokoteni ulipofika kwenye vyuma vya reli gurudumu lilikwama. Walubengo alipiga hatua moja mbele kwenda kusaidia, kisha akasimama. Wapita njia waliusukuma ukavuka, nami sikuwaona tena.