Popo Ndani ya Kinanda

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu ukurasa wa chama cha wapiga vinanda vya kanisani, vile vya mabomba. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu huko Tororo, Uganda.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa letu. Popo walikuwa wamejaza kinyesi kwenye mabomba, nacho kinanda kilinyamaza huku Pasaka inakaribia. Hapakuwa na fundi wa kumuuliza. Basi baba alichomoa bomba moja moja, akaweka mdomo, akapuliza. Kinyesi kikavu kilitoka kama unga, kwa harufu kali iliyonichoma macho. Kila bomba lilipotoa sauti nilipiga makofi, maana nilidhani pumzi yake inabaki humo ikiimba.

Mama alipoleta chai, alicheka, akamwita kwa jina langu kama kawaida. "Baba Awino, leo umebusu popo wangapi?"

"Wote! Nyumbani sitaki busu tena."

Pasaka kinanda kililia vizuri. Kisha baba akaanza kukohoa, dawa za kifua hazikumfaa, na Krismasi hakuiona. Siwezi kuapa kwamba ni vumbi lile.

Mpwa wangu aliendelea kusoma. Bomba lenye kinyesi cha popo usilipulize kamwe. Funika pua na mdomo, lowesha vumbi kwanza. Nilimwomba arudie polepole.

"Shangazi, hawa watu wanajibu swali la mtu yeyote, tena bure. Niwaulize nini?"

Swali la kuwauliza lilikuwa la Pasaka ile; sasa sikuwa nalo tena.