Betri Kifuani

Simu ya mjukuu wangu hupata moto upesi mkononi, nami huifunika kwa leso bila kufikiri. "Nyanya, usiifunike, itaharibika!" hulalamika.

Nilipokuwa mtoto, redio yetu ya Nakuru ilikuwa ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo. Siku ilipoletwa, baba aling'oa mlango ili iingie. Ilitumia betri nzito kama tofali, na betri ikichoka tuliianika uani kando ya mahindi mpaka ipate nguvu.

Ramadhani moja mvua ilinyesha mchana kutwa, siku ambayo tulitarajia mwezi. Kwa mawingu yale tusingeuona. Tulitegemea redio itutangazie Idi, na redio ilikuwa kimya. Nyanya yangu, ambaye siku zote aliinung'unikia kwa kumjazia chumba, aliichukua betri, akaizungushia leso yake, akajilaza nayo kifuani chini ya blanketi.

"Mama, hiyo ni betri, si mtoto," baba akamwambia.

"Na wewe ulizaliwa baridi hivi hivi. Nikakupasha moto mpaka ukalia."

Baada ya magharibi baba aliirudisha betri mahali pake. Harufu ya vumbi na vanishi yenye joto ikapanda, redio ikakoroma, kisha mtu akasema kwa mbali kwamba mwezi umeonekana. Ikazimika hapo hapo. Sisi watoto tulikuwa tumeshatoka mbio kuwaambia majirani. Niliporudi, nyanya alikuwa ameipakata betri, anaifunga tena ile leso.

"Pole na kazi," aliiambia.